Mji Ulioipa Mifereji Yake Kisogo

Mwaka 1861 mabalozi wadogo wa nchi za Ulaya waliokuwa wakikaa Bangkok walimpelekea Mfalme Mongkut wa Siam, Thailand ya leo, barua ya malalamiko. Mjini, walisema, hapakuwa na mahali pa kupandia farasi wala pa kuendeshea gari la kukokotwa, na kwa kukosa matembezi hayo walikuwa wakiuguaugua. Mfalme aliwasikiliza. Kufikia 1864 barabara ya Charoen Krung ilikuwa imekamilika, ikienda kusini sambamba na mto Chao Phraya, na wakazi wa mji wakapata kitu ambacho hawakuwa wamekiomba. Wao walikuwa na barabara zao tayari, tena nyingi, ila zilikuwa za maji.

Mgeni anayeshuka Bangkok leo huona taabu kuliamini hilo. Mji huu unasifika kwa foleni za magari zinazomchelewesha mtu kazini hata akiamka alfajiri, kwa barabara za juu zilizopandana, na kwa treni za umeme zinazopita juu ya vichwa vya watu. Lakini chini ya madaraja mafupi ambayo dereva huyavuka bila kuyatazama, mifereji ingalipo. Ni zaidi ya elfu moja, mikubwa kwa midogo, na Wathai huiita khlong. Kwa miaka mia mbili na arobaini imekuwa ikibadilishiwa kazi: ngome, njia kuu, soko, mhimili wa mashamba, jalala, mtaro wa majitaka, kinga ya mafuriko, na sasa bustani ya kupigia picha. Kila kazi mpya ilikuwa na watu wa kuifaidi na watu wa kuigharamia, na mara nyingi hawakuwa watu wale wale.

Hata mto wenyewe, pale katikati ya mji, ni kazi ya mikono. Katika karne ya 16 Mfalme Chairacha wa Ayutthaya aliamuru uchimbwe mfereji wa mkato ili kuivuka kona kubwa ya Chao Phraya, vyombo vya biashara visizunguke bure. Mto ukaupenda mkato ule. Mwaka baada ya mwaka maji yaliupanua mpaka ukawa ndio mto, na mkondo wa zamani ukanywea, ukabaki mifereji ya Bangkok Noi na Bangkok Yai. Kwa hiyo boti za watalii zinazopita kati ya hekalu la Wat Arun na Kasri Kuu la wafalme zinaelea juu ya kile kilichoanza kama mtaro wa jembe na kikapu.

Ayutthaya, mji mkuu wa kale, ulikuwa kisiwa kilichozungukwa na mito na kukatwakatwa na mifereji. Jeshi la Burma liliuangamiza mwaka 1767. Waliosalimika walihamia kusini, kwanza Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto, kisha mwaka 1782 mfalme wa kwanza wa ukoo wa Chakri, Rama wa Kwanza, akauvusha mji hadi upande wa mashariki. Alichotaka ni Ayutthaya mpya. Watu wapatao 10,000 kutoka Kambodia waliletwa kuchimba handaki la maji la kuuzunguka mji, lile ambalo sehemu zake zinaitwa Bang Lamphu na Ong Ang, na ardhi iliyokuwa kwenye kona ya mto ikageuka kisiwa. Adui asingeweza kuingia bila kuvuka maji. Mfalme huyo huyo akachimbisha mfereji mwingine, Mahanak, kwa sababu iliyo mbali kabisa na vita: alitaka wakazi wapate mahali pa kupiga makasia na kuimbiana majibizano msimu wa maji kujaa, kama walivyozoea huko walikotoka. Ni serikali chache zilizowahi kuchimbia raia wake njia ya kuimbia.

Mfereji ulio mashuhuri kuliko yote ulitokana na vita tena. Kati ya 1837 na 1840, Siam na Vietnam zikigombea Kambodia, Rama wa Tatu aliamuru kuchimbwa kwa Saen Saep, njia ya maji ya kilomita zipatazo 70 kutoka Bangkok hadi mto Bang Pakong upande wa mashariki, ili kupitishia askari na vyakula vyao. Kando yake waliwekwa watu waliotekwa au kuhamishwa katika vita vya nyakati hizo, wengi wao Waislamu: Wamalay kutoka Pattani na Wacham kutoka Kambodia. Vizazi vyao vipo mpaka leo. Msafiri wa Saen Saep huona misikiti ikifuatana na mahekalu ya Kibudha kwenye kingo zile zile, na ng'ambo ya mto, huko Thonburi, uko msikiti wa Bang Luang uliojengwa kwa umbo la hekalu la Kithai, paa la mwinuko na kuta nyeupe, ambao mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeupita bila kujua kwamba ndani mna kibla.

Baada ya mkataba wa biashara wa 1855 kati ya Siam na Uingereza, mchele wa Siam ulianza kutoka kwa wingi kwenda ng'ambo, na mifereji ikapewa kazi ya kilimo. Kaskazini ya Bangkok, kuanzia 1890, kampuni iliyopewa kibali na Mfalme Chulalongkorn ilichimba kwa mashine za mvuke mfereji mkuu wa Rangsit na matawi yake yaliyonyooka kwa rula, yakageuza nyika ya majimaji iliyokuwa makazi ya tembo kuwa mashamba ya mpunga. Mchele wa Thailand unaopimwa kwa kilo katika maduka ya Mombasa na Zanzibar ni mwana wa biashara iliyoota mizizi katika mifereji hiyo.

Maisha ya siku zile yalielekea maji. Hekalu lilikuwa na gati yake na ngazi zake kwenye mfereji, na watawa walipokea chakula cha sadaka asubuhi wakiwa ndani ya mitumbwi midogo. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo ilikuwa na uso wake mtoni: baraza, ngazi ya kushukia kuoga na kufulia, kamba ya kufungia mtumbwi. Maelfu ya watu hawakuwa na hata hizo nguzo, waliishi katika nyumba zilizoelea juu ya mafungu ya mianzi, zilizofungwa kandokando ya mto mlango kwa mlango na maduka yanayoelea. Mtu aliyetaka kuhama alifungua kamba akaenda na nyumba yake.

Chakula kimoja cha siku zile kimebaki kuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Wauzaji wa tambi za mtumbwi, hasa wa mfereji wa Rangsit, walifanya kila kitu peke yao wakiwa wameketi: kupiga kasia, kuchochea moto chini ya sufuria, kuchovya tambi katika maji ya moto, kumwagia mchuzi mzito uliotiwa damu kidogo ya ng'ombe au nguruwe, kumpa mteja bakuli ukingoni na kuchenjisha hela. Bakuli kubwa lingemwagika wakati wa kulipokeza, mchuzi ukamwunguza mtu. Kwa hiyo bakuli likawa dogo, la kumaliza kwa mikupuo michache, na mteja mwenye njaa akaagiza la pili, la tatu, la nne. Leo tambi hizo zinauzwa katika migahawa ya nchi kavu, maarufu ikiwa ile iliyo karibu na Mnara wa Ushindi, na bado huletwa katika vibakuli hivyo hivyo, wateja wakipanga matupu yao minara mezani.

Isidhaniwe kwamba maji yalikuwa safi mpaka magari yalipokuja. Katika miaka ya 1850 Mfalme Mongkut alilazimika kutoa tangazo la kuwakataza raia kutupa mizoga ya mbwa na paka miferejini, akiwakumbusha kwamba waliokuwa chini ya mkondo walikuwa wakinywa maji hayo. Tofauti ni kwamba wakati ule maji yalikuwa yakitembea. Bahari ilijaa na kupwa, mto ukasukuma na kuvuta, na uchafu ukaondoka. Kilichokuja kuyaua maji ni kuzuiwa kwa mwendo huo.

Uzuiaji ulianza taratibu. Barabara za mwanzo zilijengwa kando ya mifereji, kwani udongo uliochimbuliwa ndio uliotumika kuinua tuta la barabara, na kwa muda njia hizo mbili zikaishi pamoja kama wake wenza waliopatana. Tramu za umeme zilianza kukimbia Bangkok mnamo 1894, mapema kuliko miji mingi ya Asia. Daraja la kwanza la kuwapitisha watu na magari juu ya Chao Phraya mjini lilifunguliwa mwaka 1932. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yakashika kasi: magari yaliongezeka, ardhi ikapanda bei, na kila barabara ilipohitaji kupanuliwa jawabu lilikuwa pale pale pembeni, tayari, halina mwenyewe wa kulipwa fidia. Mfereji ukafukiwa. Barabara ya Silom, yenye mabenki na majengo marefu, ilikuwa na mfereji wake. Barabara ya Rama wa Nne nayo ilimeza mfereji uliokuwa ukienda nayo bega kwa bega. Mfereji wa Sathorn ulibakizwa, lakini kama ukanda mwembamba wa maji katikati ya magari, usiopitika kwa chombo chochote.

Hata ile isiyofukiwa ilibadilika. Nyumba mpya zilielekezwa barabarani, na uso wa zamani ukawa uani. Uani ndiko jikoni, ndiko chooni, ndiko bomba la maji machafu linakotokea. Mfereji uliokuwa mbele ya nyumba ukajikuta nyuma yake, na kitu kilicho nyuma ya nyumba hakipigwi deki. Madaraja ya mbao yaliyoinuka juu ili mitumbwi ipite yalibomolewa, yakawekwa ya zege yaliyolala chini kwa faida ya magari. Juu ya hayo likaja gugu maji, ambalo wavuvi wa Ziwa Victoria wanalifahamu kwa machungu. Thailand lililetwa mwaka 1901 kutoka Java, katika msafara wa kifalme uliovutiwa na maua yake ya zambarau, likatoroka bustanini na halijarudi tena. Serikali imekuwa ikilivua kwa mashine, kwa mikono na kwa amri tangu enzi za wafalme wenye mamlaka kamili.

Maji yalilipiza, ingawa hayakuwa na haraka.

Bangkok imekaa juu ya udongo laini wa mfinyanzi ulioachwa na mto, na sehemu kubwa ya mji haizidi mita moja na nusu au mbili juu ya usawa wa bahari. Viwanda na mitaa mipya ilipochimba visima virefu kunyonya maji ya chini, udongo ulisinyaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya maeneo ya mashariki yalikuwa yakididimia zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Sheria na ada za kuchimba visima zimepunguza kasi hiyo sana, ila ardhi iliyokwisha shuka haipandi. Mwaka 1983 mji ulikaa majini kwa miezi. Baada ya mafuriko ya 1995, Mfalme Bhumibol alihimiza mpango alioupa jina la mashavu ya tumbili, kwa kukumbuka jinsi mnyama huyo anavyojaza ndizi mashavuni kwanza na kuzila baadaye: mabwawa na mifereji ya pembezoni ihifadhi maji wakati bahari imejaa, iyatoe inapokupwa. Alihimiza pia kufunguliwa kwa Lat Pho, mfereji wa mita 600 tu kusini mwa mji ambao huyaokolea maji mzunguko wa kilomita 18 wa kona ya mto. Wafalme wa kale walikuwa wameubana kwa sababu ulikuwa ukiingiza maji ya chumvi mashambani. Sasa una lango, unafungwa na kufunguliwa kwa hesabu.

Malango hayo ndiyo yanayoitawala Bangkok ya leo, kuliko watu wengi wanavyojua. Mto unapojaa, midomo ya mifereji hufungwa, pampu huwashwa, na maji ya mvua husukumwa kwenda mtoni kupitia mahandaki makubwa yaliyochimbwa chini ya mji, mojawapo likiwa na kipenyo cha mita tano. Wafanyakazi wa pampu wameshavua magodoro, makochi na matairi kwenye vyuma vya kuchujia. Nalo lango linalookoa mtaa mmoja hukata mwendo wa boti kwenye mtaa wa pili. Kule Thonburi, ambako mifereji mingi ingali hai, mwenye boti hufika kwenye lango akalikuta limefungwa, akangoja, au akarudi alikotoka. Maji yaliyofungiwa ndani nayo husimama, huwa meusi na kunuka.

Mwaka 2011 mashaka hayo yalijitokeza hadharani. Mvua kubwa za kaskazini zilishuka bondeni polepole kwa miezi, zikaua zaidi ya watu 800 nchini, zikazamisha maeneo ya viwanda na kuleta hasara ambayo Benki ya Dunia iliikadiria kuwa zaidi ya dola bilioni 46. Serikali ilikusudia kwa kila hali kuunusuru moyo wa biashara wa mji mkuu. Mifuko ya mchanga ilipangwa, malango yakafungwa, na maji yakarundikana upande wa kaskazini na mashariki. Uwanja wa ndege wa Don Mueang uliingia maji, na familia za huko zikalala ghorofani kwa wiki kadhaa huku maduka ya katikati ya mji yakiwa makavu. Mwishoni mwa Oktoba wakazi wa Khlong Sam Wa, waliochoka kuwa beseni la watu wengine, walikwenda kwenye lango la mfereji wao wakalazimisha lifunguliwe kwa mita moja. Wakubwa walihofia eneo la viwanda lililo chini yake. Wakazi walikuwa na swali moja tu: kwa nini wazame wao? Hakuna mhandisi anayeweza kulijibu swali hilo peke yake, kwa sababu si la kihandisi.

Na bado, katika miaka ile ile ambayo mifereji ilionekana kuwa mitaro tu, mmoja wao ulirudi kufanya kazi ya kubeba watu. Mwaka 1990, foleni zikiwa zimefikia kiwango cha kukatisha tamaa, kampuni binafsi ilianzisha boti za abiria kwenye Saen Saep. Leo njia hiyo ina kilomita 18, kutoka Panfa karibu na mji wa kale hadi hekalu la Sri Bunrueang huko Bang Kapi, na huchukua makumi ya maelfu ya abiria siku za kazi. Nauli haifiki baht 30.

Kuipanda kunahitaji wepesi. Boti hugusa gati kwa sekunde chache, abiria wakaruka wakishika kamba, na nahodha akaondoka kabla wa mwisho hajaketi. Kondakta, kofia ngumu kichwani, hutembea nje ya boti kwenye ubao mwembamba wa pembeni, mkono mmoja umekamata kamba na wa pili unakusanya nauli na kukata tiketi, kama utingo wa daladala anayening'inia mlangoni ila huyu chini yake kuna maji meusi. Pembeni mwa viti kuna turubai la plastiki lenye kamba, na aliyekaa ukingoni ana wajibu ambao hakuna anayemfundisha: boti nyingine ikija kwa kasi kutoka mbele, huvuta kamba turubai lipande, wenzake wasirushiwe maji. Penye daraja la chini paa hushushwa na kila mtu huinama. Kwenye gati ya Pratunam abiria wote wa safari ndefu hushuka na kupanda boti nyingine, kwani njia inakatika.

Huduma hiyo ina dosari zake. Kelele za injini ni nyingi, mawimbi hula kingo, na Machi 2016 boti iliyokuwa ikitumia gesi ililipuka gatini na kujeruhi zaidi ya watu 50. Hata hivyo muuguzi, mwanafunzi na karani wa mtaa wa Ramkhamhaeng wanaifuata kwa sababu moja iliyo wazi: inafika. Hakuna taa nyekundu majini.

Serikali ya mji imejaribu kuendeleza wazo hilo kwa vyombo visivyo na moshi. Novemba 2020 boti za umeme zenye paneli za jua juu ya paa, kila moja ya abiria 30, zilizinduliwa kwenye Phadung Krung Kasem, mfereji uliochimbwa miaka ya 1850 kama mpaka mpya wa mji. Njia yake ilipozinduliwa ilikuwa na kilomita tano na gati 11, kuanzia stesheni ya zamani ya Hua Lamphong. Ni boti za kupendeza na tulivu, na kama mpango wa aina hiyo ungeunganishwa vizuri na vituo vya treni kwenye mifereji mingi zaidi, ungeondoa magari barabarani. Kwa sasa ni vipande vipande.

Kinachosonga mbele haraka zaidi ni urembo. Kwenye Ong Ang, kipande cha lile handaki la kwanza la Rama wa Kwanza, kulikuwa na soko la Saphan Lek lililojengwa juu ya maji yenyewe, likiuza vifaa vya kuchezea watoto, michezo ya video na elektroniki, hata mtu hakujua kwamba chini ya miguu yake mna mfereji. Lilibomolewa mwaka 2015. Zikajengwa njia za waenda kwa miguu, wasanii wakachora kutani, kayaki zikaletwa, na mwaka 2020 mradi ukapata tuzo ya mandhari ya miji ya Asia kupitia UN-Habitat. Maji yameonekana tena, na hilo ni jema. Lakini wafanyabiashara wa Saphan Lek walitawanyika, na picha za tuzo haziwaonyeshi.

Chong Nonsi ni kisa kingine. Mfereji huo unaopita katikati ya barabara ya mtaa wa mabenki ulipangiwa kugeuzwa bustani ya kilomita 4.5 kwa baht milioni 980, watu wakiufananisha na mkondo wa Cheonggyecheon wa Seoul. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Desemba 2021, na papo hapo wakosoaji wakauliza kwa nini bustani iwekwe juu ya mtaro unaopokea majitaka kabla majitaka hayajapatiwa njia yake. Chadchart Sittipunt alipochaguliwa kuwa gavana mwaka uliofuata, mradi huo ulikuwa miongoni mwa yale aliyoyarithi na kulazimika kuyapitia upya. Wakosoaji walikuwa na haki. Kuna mantiki moja tu katika kazi ya mifereji: bomba la majitaka kwanza, maua baadaye. Chiang Mai, kaskazini, imepita njia hiyo hiyo ya mfereji mchafu uliorembwa ukavuta watalii, nao ni Mae Kha, na mtihani wake ni ule ule.

Hisia za Wathai kwa maji yao hazijafa pamoja na samaki. Kila mwaka, mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao, huja sikukuu ya Loi Krathong. Watu hutengeneza vyombo vidogo kwa kipande cha shina la mgomba na majani yake, huweka mshumaa, ubani na maua, kisha huvieleza majini wakimwomba radhi mama wa maji kwa kumchafua. Usiku huo huo wafanyakazi wa jiji huanza kuvivua, na kufikia asubuhi huwa wamekwisha vihesabu. Mwaka 2023 Bangkok ilivua zaidi ya 600,000. Vya plastiki ya povu, vilivyokuwa vikijaa zamani, sasa ni vichache mno, jambo linaloonyesha kwamba kampeni ikisemwa muda mrefu husikika.

Ila watu wanaohusika na mifereji kwa karibu kuliko wote hawaji mara moja kwa mwaka. Wanaishi juu yake. Kando ya Lat Phrao, mfereji mkuu wa kupitisha maji ya mafuriko upande wa kaskazini mashariki, nyumba za mbao na bati zilijengwa kwa miongo mingi juu ya nguzo zilizosimama ndani ya maji, ardhi ikiwa ya serikali. Ni karibu jamii 50, kaya zipatazo 7,000: wauza vyakula, madereva wa pikipiki, wafagiaji, vibarua wa ujenzi. Baada ya 2011 wao ndio walionyooshewa kidole, kwamba wameziba njia ya maji. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana nguzo za nyumba huubana mfereji. Inasahau tu kwamba watu hao walisogea majini kwa sababu nchi kavu haikuwa na nafasi ya mishahara yao, na kwamba mashamba na madimbwi yaliyokuwa yakinywa maji ya mvua yalifukiwa na wenye mitaa ya kifahari bila yeyote kuwaita wavamizi.

Njia ya kutoka ilikuwa imeshapatikana miaka kadhaa kabla, kwenye sehemu ya juu ya mfereji huo huo, iitwayo Bang Bua. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Baan Mankong, unaosimamiwa na taasisi ya umma iitwayo CODI, ambao fedha zake hupitia mikononi mwa wakazi wenyewe. Jamii 12 za Bang Bua zilijiunga. Kwanza walianzisha vikundi vya kuweka akiba, kisha wakasajili ushirika, wakapima eneo lao kwa msaada wa wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, wakakubaliana kurudisha nyumba nyuma kutoka majini. Kila mtu alipoteza kidogo: mwenye nafasi kubwa akaikata, aliyekuwa juu ya maji akapata kiwanja. Badala ya ngazi za uani zinazotumbukia katika maji machafu, ikajengwa njia ya miguu kando ya mfereji na milango ikaelekezwa huko. Kwa wazee na wagonjwa wasioweza kulipa mkopo ilitengwa nyumba ya pamoja. Idara ya Hazina, yenye ardhi hiyo, ikawapangisha kihalali kwa mikataba ya miaka 30.

Kuanzia 2016 mfumo huo ulipelekwa Lat Phrao yote, sambamba na ujenzi wa kuta za zege kwenye kingo. Haukupokelewa na kila mtu. Mikopo ya nyumba ni mzigo kwa anayelipwa kwa siku, baadhi ya familia zilidai zimeishi pale muda mrefu kiasi cha kutostahili kulipia, na katika jamii kadhaa majirani waligawanyika makundi mawili yasiyosalimiana. Kuta zimekwenda kwa kurukaruka: hapa ukuta, pale nyumba kongwe juu ya nguzo, mbele ukuta tena. Wahandisi walilalamikia ucheleweshaji. Ila kila mita ya ukuta iliyopatikana kwa mazungumzo imewaacha watu karibu na kazi zao na shule za watoto wao, jambo ambalo kufukuzwa hadi pembezoni mwa mji kusingeweza kulitoa.

Mikataba ya kwanza ya Bang Bua itafika mwisho katikati ya miaka ya 2030. Wakati huo ardhi iliyo kando ya maji safi kiasi, yenye njia ya kutembelea na treni jirani, itakuwa na bei ambayo hakuna aliyeiota pale ilipokuwa uani kwa watu. Ushirika utakaa mezani na Idara ya Hazina kuomba miaka mingine, na safari hii huenda wasiwe wao peke yao wanaoutaka ukingo huo.